BSA, Norton, Jawa, Triumph au Royal Enfield: ukiishi Mbeya au Iringa, uchukue ipi?

Majina ya zamani ya pikipiki yanarudi, na kila linaporudi moja, wapenzi wa tukutuku huku Nyanda za Juu Kusini wanachangamka. Picha ya BSA Gold Star mpya ikiingia kwenye simu ya mtu pale Mafiat asubuhi, jioni imeshafika Mafinga. Maswali ni yale yale: inauzwa wapi, bei gani, mlima wa Kitonga itaupanda? Wazee wanaongeza la kwao: hiyo ni BSA kweli, au wamebandika jina tu kwenye tenki?

Swali la wazee ndilo zuri kuliko yote, kwa hiyo nalijibu kwanza. Ndiyo, jina limenunuliwa na kiwanda ni kingine. Kwa mtu wa huku hilo lina heri ndani yake, kwa sababu walioyashika majina haya leo ni majirani wa watu wanaotuletea bodaboda, au ni wao wenyewe. Norton ni mali ya TVS. Triumph za cc 400 zinaundwa na Bajaj kwenye kiwanda chao cha Chakan, karibu na Pune. BSA iko chini ya kampuni ya Classic Legends, ambayo mwenye hisa nyingi ni Mahindra wa matrekta, na kampuni hiyo hiyo ndiyo iliyoirudisha Jawa huko India. Royal Enfield ni ya Eicher, pia ya India. Majina yote matano yaliyozaliwa Uingereza na Chekoslovakia sasa njia yake inapita Bahari ya Hindi, njia ile ile inayopita pistoni ya Boxer hadi Mwanjelwa.

Sasa tusikimbilie kushangilia. Duka linalouza kebo ya TVS halitakuwa na plagi ya Norton wiki ijayo. Ila mtu anayetaka kuchagua apime kwa hilo: nani ameshika kiwanda, anauza nyingi kiasi gani, na spea yake itafika Uyole kwa njia ipi. Umbo la tenki na mlio wa ekzosi vije baadaye.

Zilikufaje, zikafufukaje

BSA ilianza 1861 Birmingham kama umoja wa mafundi bunduki, ndiyo maana nembo yake ni bunduki tatu zilizoegemezwa pamoja. Pikipiki yake ya kwanza ilionyeshwa 1910. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia jeshi la Uingereza lilichukua zaidi ya 120,000 za aina ya M20 peke yake, na vita vilipokwisha kampuni ikawa kubwa kuliko zote duniani kwa pikipiki. Jina Gold Star lina hadithi yake: uwanja wa mashindano wa Brooklands ulikuwa unatoa beji ya nyota ya dhahabu kwa anayezunguka kwa zaidi ya maili 100 kwa saa, na mwaka 1937 Wal Handley akaipata juu ya BSA. Gold Star ya asili ilikoma 1963, na miaka kumi baadaye kampuni yenyewe ikawa imekwisha, imelemewa na madeni na Wajapani. Classic Legends walilichukua jina 2016, na Gold Star mpya ikaonyeshwa Birmingham Desemba 2021. Injini yake ni silinda moja kubwa ya cc 652, ya kupozwa kwa maji, yenye asili ya Rotax, waunda injini wa Austria. Kwa macho ni ya mwaka 1960, kwa ndani ni ya sasa.

Norton ndiyo inayotia watu wasiwasi, na wana haki. James Lansdowne Norton aliianzisha 1898, Commando ikatoka 1967 ikapendwa sana, kisha jina likafa na kufufuka mara kadhaa. Ufufuo wa 2008 uliishia Januari 2020 mikononi mwa wasimamizi wa mufilisi, na waliokuwa wametanguliza hela wakisubiri pikipiki zao wakabaki wanahangaika. Aprili mwaka huo TVS wakainunua kwa pauni milioni 16, wakajenga kiwanda kipya Solihull. Novemba 2025, kwenye maonyesho ya Milan, walitoa Manx mpya ya V4 (silinda nne zilizopangwa kwa umbo la V) kwa matajiri na Atlas, ya silinda mbili na cc 585, iliyokusudiwa barabara za aina zote. Atlas ndiyo ya kutazamwa na mtu wa huku.

Triumph ni darasa la namna ya kufufua. Kiwanda cha Meriden kilifungwa 1983. Mjenzi wa nyumba, John Bloor, akalinunua jina, akakaa kimya miaka akijenga kiwanda kipya Hinckley, na mwaka 1991 akaanza kuuza pikipiki za kisasa kabisa. Hakuanza na Bonneville, modeli ya Triumph iliyopendwa zamani, ingawa kila mtu alikuwa anaililia. Alisubiri mpaka 2001, kampuni ilipokuwa imesimama. Waliomfuata wakataka kurudisha majina mengine wengi walifanya kinyume: walianza na picha ya zamani na kutanguliza oda, injini ije baadaye. Speed 400 na Scrambler 400 X, zile za Bajaj, zilitoka 2023.

Jawa ya Prague ilianzishwa na František Janeček 1929. Kwa India iliundwa Mysore na Ideal Jawa tangu 1961, baadaye kwa jina la Yezdi, mpaka 1996. Iliporudi Novemba 2018 oda zilimiminika kupita uwezo wa kiwanda, na watu wakasubiri miezi. Mmoja wa washirika wa Classic Legends, Boman Irani, ni mtoto wa Rustom Irani aliyekuwa mmoja wa waanzilishi wa kiwanda kile cha Mysore, kwa hiyo mapenzi yapo ya kweli pale, hayajaigizwa.

Royal Enfield haikufa. Kule Uingereza iliisha 1970, lakini Madras walikuwa wanaunda Bullet tangu 1955 na hawakuacha. Eicher wakaichukua 1994 ikiwa inachechemea. Mwaka wa fedha wa 2024/25 waliuza zaidi ya pikipiki milioni moja kwa mara ya kwanza. Shika tarakimu hiyo, tutairudia.

Hewa ya huku ndiyo hakimu

Watu wengi husoma nguvu za farasi kwenye karatasi wakasahau wanaishi wapi. Mbeya mjini iko mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari. Barabara ya Chunya inapanda ikapita mita 2,600. Kitulo nako ni juu vile vile. Injini inakula hewa, na hewa ya mjini Mbeya ni nyepesi kuliko ya Dar kwa takribani asilimia 15. Ukifika juu kule njia ya Chunya imepungua karibu robo. Kwa hiyo pikipiki ya nguvu 20 ukiwa Kabwe unabaki na 17, na juu ya mlima una 15 na ushee. Ya nguvu 40 inabaki na 30 hivi, na bado una kitu mkononi lori likikuziba.

Kabureta inalijua hili kwa njia mbaya. Jeti, kile kitundu kinachopitisha petroli, iliyopimwa kwa usawa wa bahari inaendelea kumwaga petroli ile ile huku hewa imepungua, plagi inakuwa nyeusi tii, pikipiki inakohoa na inakunywa. Pikipiki hizi mpya zinatumia mfumo wa kupuliza petroli kwa umeme, wenye vihisi vinavyopima hewa na kupunguza mafuta vyenyewe. Kwa anayetoka Kyela ziwani akapanda hadi Isongole asubuhi moja, tofauti hiyo anaisikia kwenye kiganja.

Nguvu peke yake haitoshi, uliza inapatikana wapi kwenye mzunguko wa injini. Classic 350 ina mkazo, yaani nguvu ya kuzungusha tairi, wa Nm 27, na inautoa wote injini ikiwa kwenye mizunguko 4,000 tu kwa dakika. Scrambler 400 X ina Nm 37.5 lakini uisukume hadi 6,500. Enfield inavuta kama ng'ombe wa plau, haina haraka na haikatai. Triumph inataka uishi nayo kwenye gia, uichezee. BSA ina Nm 55, na kwenye mlima wa Kitonga ukiwa na abiria nyuma hakuna kati ya hizi ndogo itakayoigusa.

| Pikipiki | Injini | Nguvu (farasi) | Uzito | Tenki |
|---|---|---|---|---|
| Royal Enfield Classic 350 | cc 349, hewa na oili | 20 | kilo 195 | lita 13 |
| Royal Enfield Himalayan 450 | cc 452, maji | 40 | kilo 196 | lita 17 |
| Triumph Scrambler 400 X | cc 398, maji | 40 | kilo 180 hivi | lita 13 |
| Jawa 350 | cc 334, maji | 22 | kilo 190 na ushee | lita 13 |
| BSA Gold Star | cc 652, maji | 45 | zaidi ya kilo 200 | lita 12 |

Soma safu ya uzito mara mbili. Boxer ni kama kilo 120. Hizi zote zimeipita kwa mfuko mzima wa saruji, na zaidi. Kwenye lami ya Makambako uzito huo unakutuliza upepo wa lori ukikupiga. Kwenye utelezi wa Makete mwezi wa tatu, ikikulalia, huiinui peke yako kirahisi. Mtu mfupi mwenye shamba Bulongwa asidanganywe na picha.

Safu ya tenki nayo ina neno. Mbeya hadi Iringa ni zaidi ya kilomita 300. BSA, ikienda kilomita 25 kwa lita, inamaliza tenki kabla hujaiona Ipogolo, kwa hiyo unajaza Makambako utake usitake. Classic na Himalayan zinafika bila kusimama, makalio ndiyo yatakayoomba mapumziko.

Tairi, spoku na selfu

Hapa ndipo matumaini yanapokutana na fundi wa kando ya barabara. Classic 350, Himalayan na BSA zinakuja na rimu za spoku, na Classic na BSA zina tyubu ndani. Watu wa mijini wanasema ni ya kizamani. Mimi naipenda. Pancha ikikukuta Igurusi, kijana yeyote mwenye vyuma viwili na solusheni anakumalizia. Rimu ya Triumph ni ya kumwaga, kipande kimoja bila spoku, na tairi bila tyubu. Pancha ndogo unaziba kwa utambi ukaendelea, ila rimu ikipigwa na shimo ikapasuka, hakuna wa kuinyoosha kwa nyundo.

Saizi ya tairi ndiyo inayosahaulika. Maduka yetu yamejaa 2.75 na 3.00 za inchi 17 na 18. BSA nyuma inataka 150/70 ya 17, upana wa tairi la gari dogo. Scrambler inataka 140/80 ya 17. Classic inataka 120/80 ya 18 nyuma na 100/90 ya 19 mbele. Hakuna hata moja unayoikuta imening'inia pale Soweto ya Mbeya, zote utaagiza. Basi uagize mapema, la zamani likiwa bado lina meno.

Na hakuna kiki. Classic mpya, Jawa mpya, BSA, Triumph, zote ni selfu tu. Betri ikifa saa kumi na mbili asubuhi Njombe, mwezi wa saba, baridi ile ya kukata masikio, hata kuisukuma mteremkoni ni kubahatisha, maana pampu ya petroli na kompyuta ya injini vinataka umeme kwanza. Anayelala mbali na barabara anunue chaja ndogo ya betri siku ile ile anayonunua pikipiki.

Nikiri jambo moja nje ya mada kidogo: pikipiki ambayo watu wa Rungwe na Mufindi wangeilia irudi haina uhusiano na Uingereza. Ni Honda XL 125 ya bwana shamba, na Yamaha za misheni. Zile zilipiga kiki moja, zikapanda popote, na fundi alizifungua kwa spana nne. Lakini Honda na Yamaha hawajafa, kwa hiyo hakuna wa kuwafufua, na cc 125 ya namna ile hakuna anayeifanyia sherehe.

Au ununue ya zamani yenyewe?

Wapo wanaosema hizi mpya ni za kuigiza, afadhali kutafuta mashine ya kweli iliyolala kwenye ghala la shamba la zamani na kuifufua mwenyewe. Siwakatazi, ila wajue wanachoingia.

Pikipiki za Kiingereza za kabla ya miaka ya 1970 nati zake nyingi zimekatwa kwa vipimo vya Whitworth na ndugu zake, vipimo vya kale vya Kiingereza visivyo vya milimita. Spana yako ya 13 itakaribia kuingia, au itaingia ikicheza, na fundi mwenye haraka atazungusha nati mpaka iwe duara. Nunua seti ya Whitworth kabla ya kugusa chochote. Pili, nyingi zimeunganishwa umeme kinyume na tulivyozoea: upande chanya wa betri ndio unaokwenda kwenye bodi. Fundi wa bodaboda ataunganisha kama anavyojua, na moshi utatoka. Tatu, kabureta ya Amal itahitaji jeti ndogo zaidi kwa hewa ya huku, na si moja. Ya Mbeya mjini itakuwa nzito ukifika Kitulo.

Jawa ya zamani ina heri zaidi kwa hilo. Nati zake ni za milimita, injini ni ya viharusi viwili isiyo na valvu wala kamu, petroli unaichanganya na oili ukaondoka. Ina kituko chake cha ajabu: mkono wa kiki na wa gia ni huo huo mmoja, unausukuma ndani ukaugeuza nyuma, ukawa kiki. Anayeiona mara ya kwanza hudhani kiki imekatika.

Habari njema ni kwamba spea za BSA, Norton na Triumph za kale bado zinaundwa, Uingereza na India. Pistoni ya Commando unaweza kuiagiza leo. Habari mbaya ni kwamba utaiagiza kipande kimoja kimoja, kila kimoja na nauli yake na ushuru wake, na VAT ya asilimia 18 juu ya yote. Mashine ya namna hii ni ya mtu mwenye usafiri mwingine wa kwenda kazini.

Mimi ningechaguaje

Turudi kwenye ile milioni moja ya Royal Enfield. Pikipiki inayouzwa kwa wingi huo inazaa wauza spea wasio wa kampuni, inazaa mafundi wanaofundishana kwa video, inazaa vichujio na pedi za breki za bei ya kawaida. Mwenye Classic 350 Mbalizi, hata kama wakala wake yuko mbali, anaweza kumpa oda mfanyabiashara yeyote anayekwenda India. Ndiyo maana, kwa anayetaka ladha ya kale na aende nayo kazini kila siku, nasema Classic 350 bila kusita. Kasoro yake ni mwendo: kwenye barabara ya TANZAM, ukitaka kulipita lori mlimani, uanze kufikiri mapema.

Anayekwenda Kitulo kwa njia ya Matamba, ile Hamsini na Saba yenye kona zisizokwisha, au anayezunguka Ludewa na Makete kikazi, achukue Himalayan. Ya 450 ina tairi la mbele la inchi 21 na nafasi ya milimita 230 chini ya injini. Ya 411, iliyoitangulia, ni dhaifu zaidi lakini haina rejeta, na fundi wa kawaida anaielewa haraka. Ukiipata ya mkononi, imetunzwa, usiidharau.

Triumph 400 ni nzuri kuliko zote kuiendesha. Nyepesi, breki kali, inageuka unavyofikiri. Kwa kijana wa Iringa anayekaa lami, Gangilonga hadi Mafinga na kurudi, ningemwambia achukue, kwa sharti moja: amuulize muuzaji kwa maandishi nani ataifanyia huduma na chombo cha kusomea kompyuta ya injini kiko wapi. Bajaj kuiunda ni dalili njema. Dalili haibadilishi oili.

Jawa na Yezdi sizishauri kwa sasa, ingawa Yezdi Adventure inavutia macho na nguvu zake 30 zinatosha huku. Zinauzwa zaidi kwao India kuliko nje, na hapo ndipo spea hukwama.

BSA ni ya moyo. Mwenye umri wa kukumbuka baba yake akisimulia za M20 za jeshi, na mwenye pochi, simzuii hata dakika moja. Itapanda Kitonga gia ya nne, na kila kituo cha mafuta atazungukwa. Aijue tu kuwa ni ya Jumapili.

Norton, subiri. TVS wana fedha na wana subira, na Atlas wakiitoa kwa bei ya watu, huenda baada ya miaka michache tukaizungumza tofauti. Lakini usitangulize hela kwa pikipiki ya jina lililokwisha kuacha watu na stakabadhi mkononi. Acha wa kwanza wapande, sisi tutazinunua za pili.

Na yeyote utakayemchagua, usiruhusu kontena lije na pikipiki tupu. Ndani ya boksi lile lile, kwa nauli ile ile, weka kebo ya klachi na ya akseli, pleti za klachi, pedi za breki za mbele na nyuma, vichujio vitatu vya oili na viwili vya hewa, plagi mbili, cheni na sproketi zake, tairi moja la nyuma, na mkono wa klachi na wa breki, maana ndiyo ya kwanza kuvunjika ikilala. Muulize wakala wa forodha mapema vitatozwaje vikija pamoja. Kuviagiza baadaye kimoja kimoja kutakugharimu wiki za kuiangalia pikipiki imesimama uani imefunikwa turubai.